Muulize Mama Spea: Nduthi mbili kuukuu kwa moja mpya, nani anakula nani?

Habari zenu wasomaji. Barua za mwezi huu karibu zote ni za kitu kimoja, tredi-in. Siwashangai, maana ukitembea kuanzia Ngara mpaka Thika Road kila duka la pikipiki limetundika bango, leta ya zamani uondoke na mpya, na hapo chini kuna kijana wa fulana anakuvuta mkono kama makanga. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nimeuza spea za pikipiki pale Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, tangu boda boda za Nairobi zikiwa za kuhesabu, kabla serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka wa 2008 na kila kijana akapata ya kwake. Pikipiki zenyewe siuzi, kwa hivyo jibu langu halina tamaa, isipokuwa tu ukibaki na ya zamani utakuja kununua ringi za pistoni kwangu, hiyo siwezi kuficha.

SWALI: Habari ya siku Mama Spea. Mimi ni mtu wa boda hapa Kayole, niko na pikipiki mbili. Moja ni Boxer 100 ambayo nimeendesha miaka sita na logbuku iko kwa jina langu, inatembea lakini siku hizi inatoa moshi. Ya pili ni ya Kichina, iliegeshwa nyuma ya nyumba tangu 2021, sikuwahi kufanya transfa kwa sababu mwenye aliniuzia alihama akarudi kwao ushago na namba yake haipatikani. Sasa kuna duka limeniambia nilete zote mbili watanihesabia elfu sabini kama dipositi, nichukue pikipiki mpya ya 150cc ya 198,000, halafu nilipe 430 kila siku kwa miezi 18. Mke wangu anasema tuchukue tuache kuaibika na moshi. Mimi roho inasitasita. Nifanye nini mama?

JIBU: Kijana wangu, hiyo roho yako inajua hesabu kukushinda, ipe kalamu.

Miezi 18, tuseme mwezi ni siku 30, hiyo ni siku 540. Mara 430 ni 232,200. Ongeza ile sabini yako ya dipositi, umefika 302,200. Pikipiki ni ya 198,000. Hiyo laki na elfu nne na kitu ya juu ndiyo bei ya kulipa mdogo mdogo, na sisemi ni wizi, pengine ndani yake kuna bima na traka, lakini uliza iandikwe ni nini na nini, sio kuambiwa tu kwa mdomo "kila kitu kiko ndani boss".

Sasa ngoja nikuonyeshe pale wanapokula kweli kweli. Nilimwambia kijana wangu wa duka apigie maduka matatu simu akijifanya ana keshi mkononi, anataka hiyo hiyo 150, modeli ile ile uliyoandika kwa barua, na hakutaja pikipiki kuukuu hata kidogo. La bei ya chini lilimwambia 183,000, la bei ya juu 187,000. Umeona? Wewe mwenye tredi-in umewekewa 198,000. Kwa hivyo ile sabini sio sabini. Ukichukua katikati ya hizo bei mbili, toa kumi na tatu hivi ambayo wamekupandishia kwa mpya, Boxer yako na ya Kichina zote mbili pamoja zimenunuliwa elfu hamsini na saba. Wamekupa kwa mkono wa kulia wakachukua na wa kushoto, na ukatoka pale ukishukuru.

Kwa hivyo ukienda duka lolote usianze na ya zamani. Iache hata nyumbani, panda ya rafiki. Uliza kwanza bei ya keshi ya mpya, waandike kwa karatasi au wakutumie kwa WhatsApp, halafu ndio useme ati sasa niko na ya kubadilisha, mtanipa ngapi, na kila moja ipewe bei yake peke yake. Wakisema "zote mbili sabini" wewe sema hapana, Boxer ngapi na hiyo nyingine ngapi. Utashangaa. Mara nyingi ile isiyo na karatasi wanaipa kitu kidogo sana, kumi, kumi na tano, kwa sababu wanajua wanaenda kuikata vipande, na hapo ndipo nataka tukae kidogo, lakini wacha nimalize Boxer kwanza.

Moshi. Moshi wa rangi gani? Hukusema, na hilo ndilo swali la kwanza fundi yeyote atakuuliza. Nadhani ni ule wa buluu-buluu unaonuka oil iliyoungua, maana ukiwa mweusi hiyo ni petroli imezidi, safisha kabureta na uangalie ea klina. Sasa fanya hivi kesho asubuhi, kabla jirani hawajaamka: piga kiki injini ikiwa baridi kabisa, mtu asimame nyuma ya sailensa. Ikitoa pafu moja kubwa la moshi halafu ikanyamaza ikawa safi, hizo ni sili za vavu, oil imekuwa ikishuka pole pole usiku kucha kupitia kwa kile kibomba vavu inapopita, ikakaa juu ya pistoni. Hiyo ni kazi ndogo. Lakini ikiwa asubuhi ni safi na moshi unakuja ukiwa na abiria umefungua mafuta kupanda kilima, hizo ni ringi, pengine na bloku imelika. Hata hiyo, kwa Boxer 100, pistoni na ringi na bloku na mkono wa fundi, kwa watu ninaowauzia huwa haifiki elfu kumi na mbili, na ukitumia spea safi unasahau hiyo shida.

Kwa nini nakwambia hivi? Kwa sababu yule kijana wa duka anayekuja kukagua pikipiki yako ameona moshi tayari. Nimewaona wakifanya kazi, wako na mtindo wao. Anakuja na tochi ya simu, haongei. Anaweka kiganja nyuma ya sailensa, anakinusa. Anachomoa kijiti cha oil anakifuta kwa vidole. Anashika gurudumu la mbele analisukuma mbele na nyuma kusikia kama beringi za shingo zinagonga, anaenda nyuma anatikisa swing-amu, anavuta cheni nje ya sproketi kuona mwanya. Kila kitu anaguna tu, mmh, na kuandika. Halafu anakuambia "injini imeisha buda". Haijaisha! Ni ringi. Lakini umeshaogopa, na mtu aliyeogopa anauza kwa bei ya woga. Ukitengeneza kwanza ukamwambia hapa kuna risiti ya pistoni mpya, hana la kuguna. Na usiende kuiosha injini kwa presha asubuhi ya kukaguliwa, wanajua hiyo mbinu, injini inayong'aa kuliko tanki inaonekana kama mtu aliyejipaka poda kuficha kidonda. Ioshe siku mbili kabla, uiendeshe ikusanye vumbi ya kawaida.

Halafu kuna njia nyingine, kuiuza mwenyewe hapo steji. Boxer 100 yenye logbuku safi haikosi mtu, kuna vijana wanaendesha za wenyewe wakipeleka mia tatu kila jioni na wanatafuta ya kwao ya kuanzia. Ukipata hata sitini na tano baada ya kutengeneza, hizo ni zako taslimu, hazijafichwa kwa bei ya kitu kingine. Na kama uko kwa sako, chama cha kuweka akiba na kukopa, nyingi zinatoa mkopo kwa asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua. Chukua 120,000 kwa hiyo miezi 18, riba yote ni kama 11,400. Pikipiki ile ile, barabara ile ile, badala ya kulipa karibu elfu kumi na tatu kwa mwezi unaanza na kama elfu saba mia tisa na inaendelea kushuka. Najua utaniambia mama mimi sina akiba ya arobaini huko ndani wanipe mara tatu, wala sina wadhamini. Sawa. Basi hapo ndipo ile Boxer iliyotengenezwa inakusaidia, iendeshe miezi minane hivi ukiweka mia mbili mbili kila siku, halafu uende. Ukiwa kweli huwezi kungoja, pikipiki imekufa kabisa na watoto wanakula kwa hiyo, nenda kwa duka, lakini uende umeshajua 183.

Sasa ile ya Kichina. Hapa ndipo nimekasirika kidogo, sio na wewe, na hilo duka.

Kwa macho ya serikali hiyo pikipiki sio yako. Kwa rekodi za NTSA, ile mamlaka ya serikali inayosajili magari na pikipiki, mwenyewe ni yule jamaa aliyerudi ushago, na transfa siku hizi inafanywa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, muuzaji ndiye anaanzisha kwa akaunti yake, mnunuzi anakubali kwa yake. Wewe huwezi kuianzisha, na duka haliwezi. Sheria ya Trafiki kwa kifungu cha 9 inampa mnunuzi siku 14 awe amesajiliwa, baada ya hapo hiyo pikipiki haifai kuwa barabarani. Kwa hivyo duka linalokubali kuchukua pikipiki bila kuuliza logbuku iko wapi, jiulize linaenda kuifanyia nini. Ikikatwa spea, basi nambapleti zinaenda wapi? Nambapleti safi isiyotafutwa na mtu ni mali, kuna watu wa kuiba simu wanaitaka sana. Polisi wakiitafuta watampata yule wa ushago, na yeye atasema nilimuuzia jamaa wa Kayole, jina fulani, namba ya simu hii hapa.

Mimi yalinipata. Miaka mingi iliyopita nilitoa pikipiki ya kupelekea wateja mizigo kwa duka fulani, tredi-in hivi hivi, wakaniambia transfa tutamaliza mama usijali. Miezi minane baadaye napigiwa simu na polisi, pikipiki yako imehusika na kunyang'anya mtu mkoba, njoo stesheni. Nilikaa kwa benchi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua likazama, na kilichoniokoa ni karatasi ya makubaliano niliyokuwa nimeandika kwa mkono, imesainiwa, tarehe, namba ya chesisi, na fotokopi ya kitambulisho cha meneja, ambayo nilikuwa nimeiweka kwa mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bila huo mkebe sijui. Kwa hivyo hata Boxer, usiache mkono mpaka uone transfa imeanzishwa na duka limekubali, hapo hapo kwa kaunta, simu mkononi. Wakisema "tutafanya wiki ijayo", mwambie basi na mimi nitaleta pikipiki wiki ijayo.

Kumtafuta mwenyewe sio ngumu vile unafikiria. Nenda saiba, kule kwa kompyuta za intaneti, ufanye sachi ya rekodi ya hiyo nambapleti, ni kama mia tano hamsini, utapata jina kamili. Ukiwa na jina kamili na kijiji, kuna chifu, kuna kanisa, kuna mtu kwa steji anatoka huko. Yeye hahitaji kusafiri, anahitaji simu yake na dakika kumi, mtumie ya vocha na ya soda. Ikiwa amefariki, pole, hapo itabidi familia ipitie korti ya urithi na kwa pikipiki ya elfu kumi na tano hakuna mtu atafanya hivyo.

Ikishindikana, ingekuwa yangu ningeiacha hapo hapo nyuma ya nyumba niikule pole pole. Ikiwa ni ile ya injini ya fimbo, hiyo ni habari nzuri. Nyingi za hizi za Kichina injini yake ni mtoto wa Honda CG125 ya mwaka wa 1976, ile inayosukuma vavu kwa fimbo mbili badala ya cheni, Wachina waliinakili mpaka wakachoka, ndio maana tanki inaweza kuwa na stika ya jina lolote duniani lakini ringi na kabureta zinaingiliana. Mwenzako wa steji mwenye kama hiyo atahitaji kabureta, wewe uko nayo. Spoku, rimu, shoki za nyuma, betri imekufa lakini chaja koili pengine nzima. Nambapleti ndizo usimpe mtu.

Mke wako msalimie, mwambie moshi utaisha Jumamosi.

SWALI: Mama Spea, mimi ni mama wa duka la mboga hapa Githurai 45, nilichukua pikipiki kwa mkopo nikampa kijana wa jirani aendeshe ananiletea mia nne kwa siku. Imebaki miezi minne nimalize. Sasa wale wenye mkopo wamenipigia simu, wanasema mimi ni kastoma mzuri, nirudishe hii nichukue mpya bila dipositi na hiyo miezi minne "wataisawazisha". Logbuku sijawahi kuiona. Ni kweli watanisamehe hiyo miezi minne?

JIBU: Mama mwenzangu, hakuna anayesamehewa kwa simu.

Logbuku hujaiona kwa sababu imeandikwa majina mawili, lako na la mwenye pesa, na itakaa hivyo mpaka umalize. Pia pikipiki imeandikwa kwa rejista ya dhamana za mali inayohamishika, ile ilikuja na sheria ya 2017, kwa hivyo hata ungetaka kumuuzia mtu mwingine leo, akifanya sachi ataona deni. Hiyo miezi minne "kusawazishwa" maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni kwamba salio lako la zamani linaingizwa ndani ya deni jipya, halafu linaanza kuzaa riba tena kwa miezi 18 au 24. Deni linavaa koti la deni. Na pikipiki yako ambayo umeilipia karibu yote, wameichukua, wataipiga rangi tanki, waikopeshe mtu mwingine.

Jiulize, baada ya miezi minne wewe ni nani? Ni mama mwenye pikipiki, logbuku jina moja, na ile mia nne ya kila siku inaingia yote kwa apron yako. Ukikubali hiyo simu wewe ni mama mwenye deni la mwaka mmoja na nusu. Maliza. Siku ya mwisho waombe barua ya kumaliza deni na utoaji wa jina lao kwa logbuku, na usitulie mpaka ufanyike, maana wengine wanajua kuharakisha wakitaka kulipwa lakini wakitakiwa kuachilia wanakuwa na foleni. Halafu, mwezi utakaofuata, ukitaka tredi-in, nenda na pikipiki yenye jina lako pekee uone vile bei inabadilika. Yule kijana wa jirani mkumbushe pia leseni yake iwe ni A3, ya kubeba abiria, akipata ajali na ya daraja lingine watu wa bima wanapata mlango wa kutokea.

SWALI: Nabadilisha ya petroli niende stima ama? Kwa siku natumia petroli ya 500, natembea kama kilomita 120, niko Kawangware. Wananiambia betri mbili kwa siku ni 370.

JIBU: Hili swali nilikuwa nalikimbia kwa sababu stima haina ringi wala oil, watu wangu wa Grogan wataniua. Lakini hesabu ni hesabu. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217.36 hapa Nairobi, sisi wote tunakumbuka uchungu wa kujaza tanki. Kwa namba zako unaokoa mia na thelathini kila siku, na ongeza oil ambayo hutabadilisha tena, plagi, kabureta, vavu, yote hayo umesahau. Breki na tairi utanunua, hizo hata stima inakula.

Uliza vitu viwili tu vya maana. Betri ni ya nani? Kwa kampuni nyingi za kubadilisha betri, wewe unanunua pikipiki tu na betri ni yao, unalipia kila ukibadilisha. Hiyo inamaanisha siku ukitaka kuiuza, unauza fremu na mota kwa mtu ambaye lazima naye awe mteja wao. Zingine kama Roam Air ya hapa hapa Nairobi unaweza kutoa betri ukaichaji kwa soketi ya nyumbani, hiyo ni tofauti kubwa, lakini uliza nyumba yenu ya kupanga mita ya stima ni ya nani, maana landlodi akiona unachaji pikipiki kwa tokeni ya wote utahama. La pili, vituo viko wapi. Kawangware, Kangemi, Westlands uko sawa, unazunguka mle mle. Lakini wewe ni mtu wa kwenda Kisii Desemba na pikipiki? Basi usiitoe ya petroli kwa tredi-in, tafuta njia ya kubaki nazo mbili mpaka uzoee, hata kama ya petroli utampa mdogo wako aendeshe.

Rais alizindua mambo ya usafiri wa stima Mombasa mwezi wa Septemba 2023 na tangu hapo kila mtu amekuwa fundi wa stima. Fundi wa kweli bado ni wachache. Ikizima kwa mvua pale Naivasha Road nani anakuja? Waulize wakupe namba, uipige jioni ya Jumapili uone kama inashikwa.

SWALI: Nikifanya tredi-in naweza kuhamisha nambapleti yangu niweke kwa mpya? Wateja wangu wote wananijua kwa hiyo namba.

JIBU: Hapana. Namba inaenda na chesisi sio na wewe. Wateja waandikie jina kwa refleketa.

SWALI: Mama mimi niko upande ule mwingine. Nataka kununua moja ya hizo pikipiki ambazo watu wamebadilisha, duka linaziuza rahisi, ya kwanza niliyoona mita inasoma 21,000 tu. Niangalie nini?

JIBU: Umeniletea hadithi ikazunguka, pengine ni Boxer ya yule wa Kayole hiyo.

Mita usiiamini hata kidogo. Kwa Boxer na nyingi za hizi, mita inazungushwa na kebo nyembamba inayotoka kwa gurudumu la mbele, na kebo ikikatika watu wa boda hawairudishi, sasa 21,000 hiyo inaweza kuwa ya mwaka wa kwanza, baada ya hapo ikawa imelala. Angalia vitu ambavyo haviongopi. Mpira wa pale unapokanyaga gia, umelika mpaka chuma? Raba za kukanyagia abiria, zile za nyuma, hizo ndizo zinasema ukweli wa boda, ya mtu binafsi zinakuwa mpya miaka yote. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama mapezi ya papa, hiyo imetembea.

Kisha piga magoti uangalie namba ya chesisi pale shingoni, chini ya hendeli. Tumia kucha. Ikiwa chuma kimekwaruzwa, kimepigwa rangi juu yake tu pale peke yake, au herufi moja imeinama kuliko nyingine, ondoka bila kuaga. Namba ya injini nayo, linganisha na sachi, sio na karatasi wanayokuonyesha, fanya yako mwenyewe.

Na mwisho, waambie unataka kuiona asubuhi kabla haijawashwa. Ukifika weka mkono kwa injini, pale kwa mapezi ya bloku. Ikiwa na joto, kuna mtu ameshaiwasha kabla yako kuondoa ule moshi wa kwanza. Usigombane. Sema asante nitarudi, halafu urudi siku nyingine saa moja kasoro, bila kupiga simu.